Kuni za Mama Mkwe

Matadi, 8 Septemba 2024

Mama mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku mtoni. Umeamkaje? Goti linasemaje? Na jirani yetu Nicole, na ng'ombe aliotuachia Papa, Mungu amlaze pema? Sisi tu wazima. Ndoyi wako mwenye jina lako, Godelieve mdogo, ameanza shule ya watoto na tayari anamsahihisha mwalimu. Jina ulilompa limekuja na mdomo wake.

Sasa Mama, vuta kiti uketi. Noël amenunua basi. Si basi la kubeba watu; ni lile kuukuu lililokuwa limelala juu ya mawe nyuma ya gereji anakofanya kazi, kuku wakitaga ndani. Ameng'oa viti vyote. Anasema atalifanya nyumba: vitanda, jiko la gesi, tangi la maji juu ya paa, mapazia madirishani. Nilidhani jua limempiga, lakini injini imewaka. Pasaka tutakwenda nalo Muanda, pale nchi yetu inapoishia baharini, tulale huko juma zima. Ukifungua mlango asubuhi, unakuta maji.

Na wewe utakuja. Siulizi, nakuambia. Utapanda ndege Goma, nitakupokea Kinshasa, tutashuka pamoja. Miaka saba, Mama! Nimezaa bila wewe kunikanda tumbo. Nimechoka kukusikia kwenye simu yenye upepo ndani yake. Nataka ulale mahali ambapo nikinyoosha mkono nakugusa. Noël amekwisha kupima kitanda chako, kiko kando ya chetu kabisa, pazia tu katikati.

Niandikie upesi.

Mwanao,
Chantal

*

Ngungu, 29 Septemba 2024

Chantal binti yangu,

Amani ya Bwana iwe kwenu. Mimi nipo, goti nalo lipo, tumezoeana. Nicole alipanda kilimani penye mtandao akarudi na barua yako ndani ya simu. Hii yangu ataipiga picha aipandishe. Viazi vimeshika vizuri, ukungu haututoki, na ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Barabara ya kushuka Sake imekuwa uji.

Nimefurahi mpaka Nicole akaniuliza kama nimeokota kitu. Kisha nikafika kwenye pazia.

Mwanangu, nilikulea mimi au ulijilea? Unataka nilale ndani ya gari moja na mkwe wangu, katikati yetu kitambaa? Akijigeuza nimsikie, nikikoroma anisikie? Papa yako alikuwa mtu wa vilima, hakuyashika sana mambo haya. Mimi ni mtoto wa msitu wa Walikale. Ubatizo niliupokea na heshima ya kwetu sikuitupa. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake hawalali chini ya paa moja, hawaonani wakila, hawatazamani usoni. Si chuki, usije ukamwambia hivyo. Huyo ndiye aliyekuchukua, nami ndimi mlango uliopitia kuja duniani. Lazima tuogopane kidogo. Picha ya harusi mliyonitumia iko ukutani, lakini upande wake nimeukunja nyuma. Wageni wanauliza kama uliolewa na hewa.

Njia ya kufungua ipo. Mkwe hupasua kuni kwa mikono yake, huziweka mlangoni kwa mama mkwe na kwenda zake bila neno. Siku mama akiridhika huziwasha, wakaota moto huo pamoja, na tangu hapo hata sahani wanaweza kuchangia. Kuni hizo haziwashwi na mtu mwingine yeyote. Mumeo hajaniletea kuni. Sitamlaumu, kutoka Matadi ni mbali.

Kuja nataka, Chantal. Jana nimejikuta nikikuita wewe badala ya kumwita Nicole. Lakini hilo basi litafutieni dawa.

Mama yako

*

Matadi, 20 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Hatujambo, ila Godelieve alipata mafua, sasa anakimbia. Ndama mpe jina zuri, usimwite Chantal.

Barua yako nilimsomea Noël nikitegemea atacheka. Unajua yeye ni mtu wa Boma, Kiswahili chake amejifunza kwangu jikoni. Hakucheka. Akaniambia, na bokilo kwao ni mkwe, "Bokilo ni bokilo, Chantal. Mama iko na haki." Kesho yake alikwenda kung'oa kitanda chetu cha nyuma! Chako sasa ndicho kikubwa: utalala wewe, mimi na mtoto, wanawake watupu. Yeye amepata turubai kwa watu wa bandarini, anashona hema atakalolala nje.

Tangu hapo ananisumbua kwa maswali, na mengine siwezi kuyajibu. Hema likiegemea basi, je, hiyo ni paa moja? "Mama akinikuta niko nakunywa chai, nigeuke ao nitoke?" Na njiani, yeye akiendesha, utakaa wapi? Amefikia kutundika pazia nyuma ya kiti cha dereva, na kioo cha ndani amekigeuza kiangalie juu. Nikamwambia tutapata ajali kwa ajili ya heshima. Akasema vioo vya pembeni vinatosha.

Nilipoolewa sikujua nimepata mtu wa namna hii. Nimejua sasa, kwa ajili yako, na ningependa umwone. Haya, umwone kwa kisogo.

Mwanao anayekungoja,
Chantal

*

Ngungu, 24 Novemba 2024

Chantal wangu,

Salamu kwako, kwa ndoyi wangu, na kwa huyo aliye nyuma ya pazia. Tumeamka salama. Milio ya bunduki tunaisikia, bado iko upande wa pili wa vilima, nasi tunalima.

Mwambie mkwe wangu nimesikia. Hema lisiguse basi, hiyo inatosha. Chai anywe, nitakohoa kabla ya kutokea. Tena mwambie nimemshukuru; mwanamume anayegeuza kioo chake kwa ajili ya mama ya mtu amelelewa.

Nicole ananishangaa. "Watu bako na nyumba, banaenda kulala inje kwa kupenda?" Nikamwambia baba yangu alikuwa mwindaji, nimelala kambini msituni nikiwa mdogo kuliko ndoyi wangu, na sijawahi kulala usingizi mtamu kama ule. Basi sikiliza, nikufundishe alivyonifundisha. Usipige kambi mahali pazuri, piga mahali pakavu. Maji yakipita huacha takataka zake. Tafuta mstari wa takataka, kisha panda juu yake, tena panda zaidi. Moto uwe upande ambao upepo unaupeleka mbali nanyi. Nami sijui bahari, lakini maji ni maji.

Ni kweli yale yana chumvi yenyewe? Huku nanunua chumvi sokoni, nawatilia ng'ombe kwenye maji yao, na wanagombana. Nilimwambia ng'ombe mwekundu kwamba kuna mahali mtu haweki chumvi. Alisimamisha masikio. Nitamletea chupa moja aonje.

Nimeamua, nakuja. Mwezi wa tatu Nicole atashuka Goma na jibini lake, tutashuka pamoja. Nitaleta maharage, na jibini gumu lisiloogopa safari. Usiku sasa nakiwaza tu hicho kitanda. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilala na mguu wako juu ya tumbo langu, nikiuondoa unaurudisha. Nilikuwa nakasirika. Njoo uuweke tena.

Mama yako

*

Matadi, 15 Desemba 2024

Mama,

Nimesoma barua yako katikati ya kazi hospitalini, na mgonjwa akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, Mama anakuja.

Kitanda kimekwisha. Noël amekishusha kwa ajili ya goti lako na kuweka mti wa kushikilia pembeni. Godelieve ndiye aliyechagua kitambaa, kina kasuku. Nimekifua, nimekitandika, na haruhusiwi mtu kukikalia. Juzi nimemkuta mtoto amelala chini, sakafuni, ati "kitanda ya Tate." Tate ni wewe.

Na kuni! Jumapili anatoka na shoka alilolikopa, anajifunza nyuma ya gereji. Fundi huyu anafungua injini akiwa amefumba macho, lakini gogo linamshinda. Amepasua kiatu chake. Nikamwambia anunue tu sokoni, nani atajua? Akaniangalia kama mtu aliyetukana kanisani.

Noeli njema, Mama. Shuka mapema. Mwezi wa tatu nauona mbali.

Mwanao,
Chantal

*

Matadi, 2 Februari 2025

Mama,

Uko wapi? Hamjambo huko? Simu ya Nicole haiiti kabisa. Tumesikia vita vimefika Ngungu, watu wametoka, na Goma tumesikia imetekwa, na uwanja wa ndege umefungwa. Kila mtu wa Kivu ninayemjua hapa nimemuuliza. Wanasema wengine wamekwenda kuelekea ziwani, wengine wameingia msituni.

Kama uko msituni, sina hofu sana. Nasema uongo, nina hofu.

Chantal

*

Matadi, 9 Machi 2025

Mama,

Sina salamu, nina swali lile lile. Noël ameniambia niendelee kuandika, kwa sababu simu ikiwaka siku moja barua zitaingia zote pamoja, na utajua kwamba hatukunyamaza.

Kitanda nakitandika upya kila Jumamosi.

Chantal

*

Walikale, 30 Machi 2025

Chantal, mwanangu,

Usilie. Mkono unaoandika ni wangu mwenyewe, angalia herufi zake. Niko hai. Niko kwa kaka yangu Isidore, ndani kabisa ya msitu, katika nyumba niliyozaliwa, ingawa paa ni jipya. Mwalimu wa hapa, Astrid, ana simu, na akienda senta, pale mjini, kwa mambo ya shule inashika mtandao. Barua zako Nicole alimtumia humo simu yake ilipowaka tena; tumeachana naye njiani, yeye na wanawe wamekwenda upande mwingine. Ninazo zote. Ile ya kitanda cha kila Jumamosi nimeshindwa kuimaliza, akanisomea Astrid.

Tulitoka Ngungu kwa miguu, mvua juu yetu. Goti limekuwa kama mtungi. Ng'ombe hatunao, hata ndama. Usiniulize wenye bunduki waliwafikia vipi. Nilibeba blanketi na sufuria, na picha yenu nikaitia kifuani ndani ya nguo. Isidore alitukuta njiani, akanibeba mgongoni sehemu ya mwisho huku akilalamika kwamba vilima vilininenepesha.

Sasa jambo lenyewe. Pasaka sitafika. Mguu hauwezi njia, njia haina ndege, na kila anayepita hapa anataja kizuizi kipya. Nimejaribu kulizungusha neno hili nikashindwa, kwa hiyo nalisema: sitafika.

Nendeni bila mimi. Mtoto ameahidiwa bahari, mpeni bahari. Kitanda kitandueni, mlale wote ndani kama watu. Na chumvi ile, usihangaike na chupa. Sina tena wa kumwonjesha.

Nilikutaka sana, Chantal. Nilikwisha kuusikia mguu wako tumboni.

Mama yako

*

Muanda, Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Mama yangu,

Uheri wa Pasaka. Goti limeshuka? Mjomba Isidore hajambo, na Astrid anayetupandishia barua? Tumefika tangu Jumamosi. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya basi, mchanga kwenye daftari, na mbele yangu hakuna kitu ila maji. Nilidhani nitafurahi. Nafurahi, halafu nageuka kukuambia, na hupo.

Tulifanya kama alivyofundisha Babu. Mahali pazuri palikuwa chini, karibu kabisa, na jamaa wa Kinshasa walikuwa wamekwisha kupachukua. Sisi tulitafuta mstari wa takataka, tukapanda, tukapanda zaidi. Walitucheka. Jioni maji yalipanda yakazima moto wao na kuchukua sufuria yenye wali. Godelieve aliwaambia kwa sauti kubwa, "Tate yangu alisema!" Yeye ameonja maji na kuuliza nani ametia chumvi yote hii. Nikamwambia ni mtu mwenye ng'ombe wengi.

Lakini kuna jambo jingine limeninyima raha, nalo ni Noël.

Ulisema tukitandue kitanda. Nilianza kukitandua Ijumaa, akanishika mkono. Kitanda kimekuja hivi hivi, na kasuku wake, na mto wako. Mimi na mtoto tunalala ukingoni, katikati tumekuachia wewe. Na yeye amesimamisha hema lake nje, mbali, lisiguse basi. Jumamosi usiku mvua ilikuja na upepo wa baharini, hema likalala chini. Nilifungua mlango nikamwita, ingia! Akasimama pale, turubai kichwani, anatetemeka. Akasema, "Kitanda ya mama iko imetandikwa. Siwezi kuingia."

Nikamkemea. Nikamwambia mama hayumo, mama yuko Walikale, mguu umevimba, hatakuja! Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Aliniacha nimalize. "Kama hayuko," akasema, "kitanda ni ya nani?"

Amelala chini ya basi, Mama, kati ya magurudumu. Jana pia, na jana pia ilinyesha. Sasa anakohoa.

Na kila jioni anakwenda ufukoni kuokota magogo yaliyoletwa na maji, anayapasua, na sasa anayapasua vizuri. Kuni hizo anazipanga mlangoni pa basi, anaondoka bila neno. Jana gesi ilitushinda kuiwasha, nikataka kuchukua mbili tu za kuchemshia mtoto uji. Alikataa. Alikwenda kuomba makaa kwa wale wa Kinshasa.

Sijui nimfanye nini. Tunarudi Jumapili. Nimekasirika naye, tena nampenda mpaka kifua kinauma. Sema neno, wewe ndiwe unayeogopwa naye.

Mwanao,
Chantal

*

Walikale, 23 Aprili 2025

Chantal,

Salamu utajipa mwenyewe, leo nina haraka. Astrid anangoja mlangoni, amekubali kwenda senta tena kwa ajili ya barua hii peke yake.

Aliponisomea yako, Isidore alikuwa pale anamenya mihogo. Alitupa kisu chini. "Dada," akaniambia, "mutoto ya benyewe ananyeshewa juu yako, na weye uko unangoja nini?" Nilikuwa nimeketi hapa nikidhani kwa safari yenu mimi nimekufa, kumbe huko kuna mtu ananipisha mlangoni kila usiku.

Sikiliza, fanya kama ninavyosema. Kuni za mkwe huziwasha mama mkwe na si mwingine. Ila kwetu mwenye jina langu ni mimi. Ndoyi si mjukuu tu. Akipewa kuku kwa jina langu, mimi nimekula. Basi kesho jioni mpe Godelieve kiberiti, mshikie mkono asiungue, aziwashe yeye. Noël aketi upande mmoja, ndoyi wangu upande wa pili. Watazamane usoni. Wale sahani moja. Asiangalie chini, mwambie mama amekataza. Nami hapa Isidore amekwisha kunipasulia. Jua la huku linatua kabla ya lenu, kwa hiyo nitatangulia kuwasha, na nitaukoleza wangu mpaka nijue wa kwenu umewaka.

Kisha aingie ndani. Achemshiwe tangawizi. Akisitasita mlangoni mwambie mwenye nyumba amemkaribisha.

Leo asubuhi nimeikunjua ile picha ya harusi. Njia nzima wewe ulikuwa upande wa nje na mvua ikakupata. Uso wako umekwenda, nguo nyeupe tu imebaki. Sikukuambia mara ile. Nimeutazama sana upande huo, miezi hii, nikitafuta hata pua. Yeye alikuwa ndani, amelala kifuani pangu siku zote zile, mtu nisiyeruhusiwa kumwangalia. Ametoka mkavu, hana hata doa.

Kumbe ana masikio makubwa hivyo! Hukuniambia. Na katika picha haangalii mpiga picha, anakuangalia wewe. Nimemtazama sana, na nimeona anachokiona.

Kitanda changu akilalie yeye. Siku nikifika, atanipisha.

Mama yenu